Matembezi ya Maua Katika Paini za Mzee Okoth

Sharon na wenzake waliniomba niwaachie maandishi ya kukabidhi kazi. Niliwaambia nimekwisha kukabidhi funguo za stoo, koti la mvua la ofisi, na paka ambaye hakuwahi kuwa wangu, na sikuona kilichobaki. Sharon akasema, "Madam, na zile stori za wakati wa chai? Ukienda nazo tutabaki na nini, redio?" Basi nimekaa mezani. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara atafute kwingine. Vyeo vyangu vilikuja vimechelewa, vikakaa kidogo, na sasa tumestaafu pamoja.

Nilifika kituo chetu cha msitu, juu kidogo ya Kedowa, nikitoka nyumbani Sotik na sanduku la bati, buti mpya zilizokuwa zikiniuma, na cheti kilichosema kwamba ninaijua miti. Msimamizi wa vibarua alikuwa Mzee Okoth, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa amekuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akitafuta kazi kwenye majani chai, akaishia msituni, akaoa, akajenga, akabaki. Alisoma cheti changu chote, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Paini haijui kusoma," akasema. "Umekuja na kifaa gani?"

"Nimekuja na banga," nikasema.

"Banga ni nini?"

Nikainua panga. Vibarua wakacheka. Sisi Wakipsigis hatuoni kwa nini b na p zisitembeleane. Kisha Mzee akaanza kunielekeza mahali pa kulala, akasema nyumba yangu iko nyuma ya samba la mahindi. Watu wa ziwani nao sh huitamka s, basi nikamwuliza kama huyo samba anauma kama simba. Vibarua walimtazama Mzee kwanza, waone yeye atafanya nini.

"Huyu nyar Sotik atakaa," akawaambia, yaani huyu binti wa Sotik. Tangu hapo hakuniita jina lingine. Mimi nami nikamwita japuonj, ambalo kwa lugha yake ni mwalimu, na alistahili.

Wiki za kwanza hakuniruhusu kugusa mti. Alinikalisha juu ya gogo na tupa, ninoe mapanga ya kituo kizima. Alikuwa akipita, anachukua panga moja, anajaribu makali kwenye unyoya wa mkono wake, anarudisha bila neno. Neno lilikuja siku aliporidhika: "Haya. Sasa unaweza kuumiza kitu." Baadaye akanifundisha kupogoa: ngazi inaegemezwa wapi, msumeno unaanzia chini ya tawi ndipo unamalizia juu, ili tawi likianguka lisivute gome. Akanifundisha pia kutazama mbuzi kabla ya mvua ya mawe. Kuhusu mbuzi sina hakika mpaka leo, lakini sikuwahi kulowa nikiwa naye.

Paini zenyewe alizipanda yeye na kikosi chake, mlima mzima, kabla sijafika. Akipita kati ya mistari alikuwa akiupiga mti mmoja mmoja kofi dogo, kama mwalimu anayepita kati ya madawati. Mti uliopinda aliuhurumia, ule ulionyooka aliusifu mbele ya wenzake. Mkewe, Mama Akinyi, alimletea chakula cha mchana kwa miguu yake mwenyewe, ugali na omena katika sufuria iliyofungwa kitambaa. Hao wawili walikwenda kula mahali pao ndani ya paini, na sisi wengine tulijua kutowafuata. Walirudi Mama akicheka na Mzee akijifanya hacheki.

Nyinyi mliokuja juzi hamkuiona paini ikiwa nzima. Ilikuwa safi mno. Chini kulikuwa na zulia la sindano kavu, la rangi ya kutu, na juu ya zulia hakuna kitu. Hakuna nyasi, hakuna mdudu wa kutajika, ndege mmoja mmoja tu wakikatiza haraka kama watu wanaopita kwa jirani waliyegombana naye. Mimi niliona ni sawa. Nilifundishwa kwamba msitu ni mbao, na mbao hazihitaji maua.

Miaka ikaenda. Mama Akinyi akaugua, akatutoka. Mzee Okoth akastaafu, akahamia kwenye kipande chake cha ardhi pale Kedowa, na mimi nikabaki na mlima. Kijito kinachotoka chini ya paini kikawa kinapungua, hata akina mama wa majani chai wa kule chini wakaanza kugombania mtungi. Mwishowe amri ikaja: paini iliyokomaa upande wa chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi, ivunwe, na pale pasipandwe nyingine. Paachwe msitu wa kienyeji urudi, tukiusaidia kwa miche ya tendwet na tebeswet, miti yetu ya huku. Aliyepewa kazi ya kusimamia ni mimi.

Nilikwenda kumwambia Mzee mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alinisikiliza akiwa amesimama katikati ya sukuma wiki.

"Kwa hivyo mnatoa sufuria jikoni, mnaweka hewa," akasema.

"Tunarudisha kilichokuwepo, japuonj."

"Kilichokuwepo nilikiona mimi. Wewe ulikiona wapi?" Kisha akainama akaendelea kupalilia, nami nikajua nimeagwa. Kwa muda mrefu baada ya hapo tulisalimiana kanisani tu, na salamu zenyewe zilikuwa za watu walioshikana mikono kwa sababu mchungaji amesema.

Paini ikakatwa. Mlima ulionekana kama mtu aliyenyolewa na kinyozi mwenye hasira. Halafu mvua za kwanza zikanyesha, na katika ule uchafu wa visiki na matawi kukatokea vitu ambavyo sikuvipanda. Kwanza ya buluu, madogo, yakitambaa chini. Kisha ya manjano, jamaa wa mboga ya mitoo. Kisha marefu ya rangi ya chungwa, yaliyopangwa vichwa juu ya vichwa kwenye shina moja, na ndege wadogo wenye midomo mirefu wakayafuata kama waliopigiwa simu. Mbegu na viazi vyake vilikuwa vimelala chini ya lile zulia miaka yote, vikitungoja tumalize shughuli zetu.

Wakati huo ndipo Sharon alipokuja, ametoka chuoni, na mkoba uliojaa lenzi na vifuko vya karatasi. Mimi nilijua miti. Yeye alijua maua, ila ya vitabuni, na haya yetu yalikuwa na tabia ya kutofanana na picha zao. Tukawa tunatambaa pamoja, yeye anataja jina la Kilatini, mimi nataja bibi yangu alilitumia kwa kazi gani, na tukikosa yote mawili tunaita "yule wa jana." Yeye ndiye aliyesema, "Madam, tuwe tunaleta watu. Tunawatembeza, tunawaonyesha. Watu wapende hii place."

Matembezi ya kwanza walikuja watu watatu. Mmoja alidhani tunagawa miche. Wa pili alikuwa amempeleka wa tatu hospitali, wakaona bado kuna saa. Tukawatembeza hivyo hivyo. Yule wa miche alirudi mara ya pili na kwaya yote ya kanisa lao la Kiptere, wakapanda mlima wakiimba, na nilijifunza jambo ambalo nawaachia nyinyi kama kanuni: kwaya usiiweke mbele. Sauti ya pili na ya tatu hazitazami zinapokanyaga.

Sasa niseme ile siku ngumu.

Baada ya misimu kadhaa kulizuka hoja kwamba upande wa chemchemi upandwe paini tena. Kuni zilikuwa shida, mbao zilikuwa shida, na visiki vyenye maua havijengi zizi. Ofisi ya juu ikasema itafuata kauli ya kamati ya watumiaji wa msitu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kirui, mkulima wa Kiptere, mwenye majani chai mazuri, ng'ombe wazuri zaidi, na msimamo uliojulikana. "Maua hatukamui," alikuwa akisema kila mkutano, na watu walikuwa wanacheka, na kucheka kwao kulinitia hofu kuliko hoja. Niliiomba kamati jambo moja tu: kabla ya kuamua, waje watembee asubuhi moja. Mzee Kirui akakubali, kwa sharti kwamba kutakuwa na chai.

Nilimwalika pia Mzee Okoth, kwa heshima. Sikutarajia aje.

Asubuhi hiyo nilitangulia mimi na Sharon kukagua njia. Ua la mabanzi tulilozungushia maua lilikuwa limelala chini upande mmoja. Ndani ya ua, pale ambapo jana yake palikuwa na buluu, na manjano, na chungwa mpaka magotini, palikuwa na mashina. Mashina yaliyokatwa sawasawa, kwa utulivu, na mtu asiyekuwa na haraka. Na mavi, mengi, mabichi.

Sharon aliketi juu ya kisiki. "Madam, wamekula exhibition yote."

"Si yote," nikasema, ingawa nilipotazama sikuona lililobaki. Niliwaza kuahirisha. Lakini tayari kule chini niliona miavuli ikipanda, na nyuma ya miavuli mtu mrefu amevaa suti ya kanisani, anatembea kando peke yake. Mzee Okoth alikuwa amekuja, na nilijua amevaa suti kwa sababu ile ile watu huvaa suti kwenda mazishi.

Tukaanza. Niseme nini? Nilieleza kisiki. Nilieleza ua la mabanzi na umuhimu wake. Nilieleza mche mmoja wa tendwet kwa muda ambao hata mche wenyewe ulichoka. Wanakamati walikuwa na adabu, walitikisa vichwa. Mzee Kirui akayatazama mavi kwa jicho la mtu wa kazi.

"Hii ng'ombe imekula vizuri," akasema. "Ni ya nani? Mtu anaachilia mnyama hivi, kwani hakuna sheria?"

Wakati huo huo ng'ombe mwenyewe alitokea nyuma ya rundo la matawi. Alikuwa ng'ombe wa maziwa mwenye mabaka, amenona, na shina la manjano limening'inia pembeni mwa mdomo. Alitutazama sote. Kisha akamwona Mzee Kirui, akaacha kutafuna, akaja moja kwa moja, akasimama mbele yake, akamwekea kichwa kifuani.

"Samo," akamwita Mzee Kirui kwa sauti ndogo.

Nawaambia ukweli, kamati ilijitahidi. Mweka hazina alifungua mwavuli bila mvua ili ajifiche. Lakini mama mmoja alishindwa, na akishindwa mmoja basi. Walicheka mpaka wakashikana. Mzee Kirui alisimama na kichwa cha ng'ombe kifuani, akangoja, na walipotulia akasema polepole, "Angalau mnajua maziwa ya kesho itakuwa na rangi." Hapo nilianza kumpenda.

Lakini kicheko si ushindi. Tulipomaliza kucheka bado nilikuwa na mlima wa visiki na watu waliokuja kuona maua, na nilimwona mzee mmoja akitazama saa. Nilikuwa nafungua kinywa niseme twendeni tukanywe chai, ndipo nikasikia ile sauti ya kanisani nyuma yangu.

"Nyar Sotik. Walete huku."

Mzee Okoth alikuwa amesimama pembeni ya paini ambayo haijavunwa, juu ya chemchemi. Hakungoja jibu, akageuka akaingia. Tukamfuata. Tulitembea juu ya zulia la sindano, miguu haisikiki, yeye mbele akiipiga miti kofi kama zamani, na ng'ombe nyuma kwa sababu hakuna aliyemkataza. Nilikuwa nimefanya kazi katika paini ile ujana wangu wote, na nilidhani naijua. Akakata kushoto mahali ambapo sikuona sababu ya kukata kushoto, akapita kati ya miti iliyokaribiana sana, mmoja mmoja tukajipenyeza kwa upande, na mwanga ukatupiga usoni.

Palikuwa na uwazi, mkubwa kama kanisa dogo. Na uwazi wote ulikuwa mwekundu. Yale maua ya duara, kama mpira uliotengenezwa kwa nyuzi za moto, ambayo huchomoza mvua ikianza kabla hata majani yake hayajatoka. Bibi yangu aliyaita kwa jina ambalo nimelisahau, na mimi nilikuwa nayaona moja hapa, mawili pale, kandokando ya mto. Hapa yalikuwa yamesimama bega kwa bega.

Wote walisimama pale pale. Hata Samo alisimama ukingoni.

"Paini mbili zilianguka na upepo hapa, zikiwa bado changa," akasema Mzee Okoth. "Nilileta miche nizibe. Mama Akinyi alikuwa ameleta chakula. Akaona hii imetokea, kidogo tu, kama nne hivi. Akaniambia, ukipanda mti yako hapa, chakula utajipikia." Akainua mabega. "Sasa mimi kupika sijui."

Watu wakatabasamu, wakingoja.

"Basi sikupanda. Kila mwaka nilikuja kufyeka, napitisha panga kando yao. Yeye anakaa pale kwa ile gogo, ananielekeza. Alipoenda, nikaendelea kuja. Mpaka mwaka huu nimekuja." Akamgeukia Mzee Kirui. "Mwenyekiti, mimi ndiye nilipanda hii paini. Sijasema ni mbaya, na mtu asiniambie ni mbaya. Lakini kabla sijapanda, mlima yote ilikuwa hivi. Tuliambiwa tuchome, tukachoma. Na hiyo maji yenu huko chini ilikuwa inapiga kelele, mtu analala anaisikia."

Mzee Kirui alivua kofia. Alitazama maua, akatazama shina la mti wa karibu kana kwamba anapima mbao zake, kwa sababu mkulima hawezi kujizuia. "Kelele kweli?" akauliza.

"Kelele. Mke wangu alilalamika."

Nilitaka kumshukuru japuonj, nikasogea karibu naye. Aliniona. "Ulikuwa unaeleza kisiki," akasema chini chini. "Nilishindwa kuvumilia."

Kamati ilikutana wiki hiyo hiyo. Sikupata kila nilichotaka. Kuni ni kuni, na watu wanapika. Walikubali upande wa chemchemi uachwe urudi wenyewe, mpaka chini kabisa kwenye majani chai. Ukingo wa juu ulibaki paini, na ukivunwa utapandwa paini tena. Uwazi wa Mama Akinyi ulitengwa usiguswe. Mzee Kirui mwenyewe alileta waya wa ua, akaja kuufunga na wanawe, na tangu hapo akikuta ng'ombe wa mtu humo ndani alikuwa mkali kuliko sisi wenye sare. Samo alibaki na zizi lenye kufuli.

Mzee Okoth akawa anakuja kwenye matembezi. Hakuna aliyemwomba. Alijipa kazi ya nusu ya pili. Mimi na Sharon tulitembeza wageni katika sehemu iliyokuwa inarudi, kisha tukawafikisha kwenye paini na yeye anawapokea kama mwenye nyumba. Kwanza aliwasalimisha na miti. Mgeni akikataa kuupiga mti kofi, hapiti. Nimewaona wageni wa heshima wakipiga miti makofi kwa woga, wakatoka humo, baada ya hadithi ya Mama Akinyi, wakiwa wameshikilia leso. Baina yetu tuliendelea kubishana. Yeye alisema tendwet yangu inakua kama mtu asiyetaka kazi. Mimi nilisema paini yake ni kama mgeni anayemaliza chai yote ya nyumba. Nawashauri mtafute mtu wa kubishana naye hivyo, kazi haichoshi.

Alilala salama, mzee sana, msimu mmoja wa mvua, na kanisa likajaa. Kaburini niliweka yale mekundu, kwa ruhusa ya Mzee Kirui, aliyesimamia nisikate zaidi ya niliyohitaji.

Mwezi uliopita yalikuwa matembezi yangu ya mwisho nikiwa kazini. Nilimwambia Sharon aongoze, mimi nitakaa nyuma kama mgeni. Aliongoza vizuri. Anaongea haraka kidogo, na akifurahi anaingiza Kiingereza, lakini watu wanamfuata. Karibu na chemchemi, mama mmoja mfanyabiashara wa Sotik aliyekuja na dada zake aliinama, akasukuma nyasi pembeni kwa kidole, akauliza, "Na hii kadogo ni nini?"

Sharon akainama. Akatoa lenzi. Akachungulia upande huu na ule, halafu akanitazama kwa juu ya bega. "Madam?"

Nilisogea. Lilikuwa ua jeupe, dogo kama punje ya mchele, lenye alama ya zambarau ndani, kama mtu aliyetaka kuandika kitu akaghairi. Niliwaza bibi yangu. Niliwaza vitabu vyote vya Sharon. Nimepita pale jua na mvua, nimepanda, nimefyeka, nimetembeza watu nisiowakumbuka idadi, na lile ua sikuwahi kuliona.

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi," akasema Sharon, uso umewaka.

Basi tukapiga magoti wote, mama wa Sotik, dada zake, Sharon na mimi, vichwa vimekutana juu ya kitu kidogo hivyo, mvua ya mchana ikianza kutudondokea mgongoni. Wengine waliinuka wakakimbilia chai. Nilikawia pale chini, na nilipotaka kusimama walihitajika watu wawili kuniinua. Niliwaambia wangoje kidogo, bado nalitazama.